TAHADHARI: Mzee wa maboksi ya zamani ya risasi, msinunue kwake hata boksi tupu

Ndugu zangu wakusanyaji wa maboksi ya zamani ya risasi, nimekaa siku nne bila kuandika kwa sababu ya aibu. Leo naandika. Nimetapeliwa dola 540, na aliyenitapeli nilimwamkia shikamoo, akaniitikia "marahaba mwanangu".

Mnamjua. Ni yule wa meza ya pembeni kwenye maonyesho yetu ya wakusanyaji, karibu na wanapouza kahawa. Jina silitaji hapa, na wanaokuja ukumbini kila mwezi hawahitaji kutajiwa. Ambaye hamjui, anitafute pembeni nitamwambia.

Mtaniuliza, wewe uliyekuwa unatufundisha kutofautisha lebo umepigwaje? Nami nimejiuliza hivyo usiku kucha. Nitaeleza yote.

Mwezi wa tisa nilinunua kwake maboksi mawili. Moja la kampuni ya risasi ya Western, la East Alton kule Illinois, lenye ile nembo ya almasi. Jingine la kampuni ya Peters, la baada ya 1934, Remington walipokwisha kuinunua Peters. Bei ya kawaida, mali safi, nimeyakagua nyumbani chini ya taa na kioo cha kukuzia, hayana kasoro. Siku hiyo alinikalisha karibu saa nzima. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba H iliyogongwa kwenye kitako cha risasi za rimfaya (zile ndogo zinazogongwa ukingoni) za Winchester ni heshima kwa Henry, fundi wao wa mwanzo. U ni Union Metallic (UMC) ya Bridgeport, US ni kiwanda cha Lowell, P ni Peters. Nilienda kuyahakiki yote, yakawa kweli. Mtu anayekufundisha kweli saa nzima bila malipo, utamtilia shaka vipi? Na kile Kiswahili chake! Aliniuliza natoka wapi, nikasema Tanga, akaniuliza Ngamiani barabara ya ngapi. Mimi nina miaka kumi na moja Ohio hii, hakuna mtu mwenye mvi aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikampa moyo wangu wote.

Kingine mnakijua. Ugonjwa wangu ni Kings Mills, kule kilikokuwa kiwanda cha Peters hapa Ohio. Kila siku ya kazi napita juu ya mto Little Miami, na lile jengo la Peters bado limesimama pale chini, siku hizi ni nyumba za kupanga. Kampuni ilianza 1887 hapo hapo. Nimekuwa nikitafuta boksi lake la vipande viwili, lile la kifuniko na kitako, la risasi fupi za .22, lenye maneno Semi-Smokeless, yaani baruti ya moshi kidogo. Nilimwambia yeye hivyo kwa mdomo wangu. Nilimpa ramani ya kuniibia.

Jumamosi iliyopita akanipigia. "Mwanangu, nimepata kitu chako." Akasema kuna mjane kule Lebanon, mji wa jirani kabisa na Kings Mills, mumewe alifariki, wakati wa kusafisha dari wamekuta kopo la biskuti lina maboksi ndani. Akasema hataki kuyaweka mezani kwa sababu wale madalali wa Cincinnati watayanyakua. Niende saa kumi na moja jioni, maonyesho yakifungwa, nimkute kwenye gari lake.

Nikaenda. Jioni ya Novemba, giza linaanza kuingia, mvua nyembamba. Alifungua buti la gari, taa ya ndani ni ile ndogo ya njano. Akatoa maboksi matatu, kila moja ndani ya mfuko wa plastiki wa kufunga kwa zipu. La kwanza ndilo Peters langu. Nililiona lile jina nikasikia moyo unakwenda mbio. Pembeni lina doa la kutu, kona moja imechanika kidogo, karatasi imegeuka rangi ya mchanga. La pili ni la Robin Hood, la Swanton, Vermont. Mnajua wenyewe Robin Hood ilivyo adimu, kampuni ndogo, Remington-UMC wakainunua miaka ya 1910 na habari yake ikaishia hapo. La tatu Remington, akasema ni la 1912, mwaka ule ule Remington na UMC walipoungana.

Nikanyoosha mkono nifungue zipu. Akanishika kiganja, taratibu, kama baba. "Usifungue hapa, karatasi itavuta unyevu, imekaa darini miaka mia. Fungua nyumbani penye joto." Na mvua ilikuwa inanyesha kweli! Maneno yalikuwa na akili. Hata mimi nimewahi kuwaambia watu hivyo hivyo. Akanitikisia la Robin Hood sikioni nisikie risasi zinavyogongana ndani. Akasema limejaa, hamsini kamili.

Nikatoa simu. Akaniomba nitume kama zawadi kwa rafiki, eti makato yawe madogo. Dola 540 zikaenda, simu yake ikalia mfukoni, akasema "Alhamdulillahi, umepata cha kurithisha wanao." Akafunga buti. Nimelirudia neno hilo kichwani mpaka limenichosha. Cha kurithisha wanangu!

Nyumbani nilitandika kitambaa cheupe juu ya meza ya jikoni. Nikafungua mfuko wa Peters. Mke wangu alikuwa kwenye sinki, hata hakugeuka, akauliza: "Umemwaga chai?"

Hapo ndipo niliposikia baridi mgongoni. Boksi lilikuwa linanuka chai. Maboksi ya miaka ile yana harufu yake, ya mafuta yaliyoganda na karatasi ya kabati, mnaifahamu. Hili lilikuwa na harufu ya majani ya chai yaliyochemshwa. Nikapitisha kidole juu ya doa la kutu. Kutu hukwaruza, huacha unga. Doa lile lilikuwa laini kama kioo. Nikapitisha kidole kwenye kona iliyochanika. Haijachanika! Mchaniko umechapishwa! Mtu amepiga picha boksi halisi la mtu mwingine, na doa lake na mchaniko wake, akalitoa kwa printa, akalibandika juu ya kadibodi na kulipaka chai. Nikaweka kioo cha kukuzia: vitone, vitone, vitone vya rangi nne. Nikazima taa nikawasha tochi ya UV, ile ya mwanga wa zambarau, karatasi ikawaka buluu-nyeupe kama shati jipya. Karatasi ya enzi zile haiwaki hivyo. Zile dawa za kung'arisha zimeingia kwenye karatasi baada ya Vita vya Pili.

Robin Hood ni hivyo hivyo. Nikamwaga risasi zake kwenye kitambaa: nyingine zina H, nyingine zimegongwa Super X. Super X ndani ya Robin Hood! Hiyo ni Western, na imekuja wakati Robin Hood imeshazikwa zamani.

La Remington ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu ni halisi. Lilikuwa na stika ya bei ubavuni. Nikaibandua kwa mvuke wa birika. Chini yake kuna neno KLEANBORE. Ndugu zangu, nani humu hajui Kleanbore? Ndiyo fataki mpya (ile inayowasha baruti) ya Remington ya 1926, ile isiyoacha chumvi ya kutia mtutu kutu, na waliichapa kila mahali kwa fahari. Boksi la 1912 halina neno hilo, haliwezi kuwa nalo. Alijua. Ndiyo maana stika ilikaa pale pale, juu ya neno lile lile. Huu si uzembe wa mzee asiyeona vizuri. Aliipima.

Nikampigia usiku ule ule. Akapokea. Nikamwamkia tena, mjue, hata katika hasira nilimwamkia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mwanangu, biashara ikishakwisha imekwisha, tusivunjiane heshima." Akakata. Tangu hapo nimefungiwa. Njia niliyotumia kulipa hairudishi, kwa sababu nilikubali kwa kidole changu kwamba ni zawadi.

Juzi nikamtumia picha ndugu yetu wa Minneapolis, kumpa habari tu. Akanyamaza dakika kumi, kisha akanirudishia picha ya Peters yake, aliyoinunua kwa mzee huyo kiangazi. Doa lile lile. Mchaniko ule ule, kona ile ile. Alilipa 200. Na kumbe mzee alitaka kumpelekea na risasi ndani kwa posta, jambo ambalo Posta ya Marekani imelikataza kabisa, ndugu yetu ndiye aliyekataa akaomba boksi tupu. Angeweza kumtia mtu mwenye familia na makaratasi ya uhamiaji mikononi mwa polisi kwa ajili ya kadibodi la chai!

Sasa mimi sitaki kusikia habari za "ni mzee, msameheni". Uzee si leseni. Nataka anyang'anywe meza, si mwezi mmoja, moja kwa moja. Nataka wasimamizi wa ukumbi wapige picha zile mali zake zote mezani na kuzikagua kwa tochi mbele ya watu. Nataka arudishe fedha ya ndugu wa Minneapolis kwanza, halafu yangu. Malalamiko nimeyaandika kwa ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo, na polisi wa mji nimewapa nakala. Na wale wanaomnunulia chai na kumuita mwalimu, kina sisi, tuache. Wapo watoto wetu wameanza kukusanya kwa pesa ya kuosha vyombo. Mmoja wao akipigwa 200 ataiona fani hii yote ni wizi, na hatarudi.

Mtaniuliza alama za kumjua. Mfuko wa zipu usioruhusiwa kufungua. Biashara ya gizani kwenye buti wakati ukumbi una taa. Stika iliyokaa juu ya maandishi, siku zote omba ibanduliwe, akikataa ondoka. Doa usilolisikia kwa kidole. Na lile boksi la vipande viwili lilikuwa likifungwa kwa lebo inayozunguka kifuniko na kitako, kwa hiyo lililofunguliwa lazima lebo iwe imekatwa mahali fulani. Yangu haina mkato hata mmoja, na boksi linafunguka! Hilo nililiona siku ya tatu. Tochi ya UV ni dola kumi tu, mimi ninayo miaka minne, Jumamosi ile ilikuwa kwenye droo.

Wale wa nyumbani, Dar na Mombasa, mnaopenda kuona picha zetu: akiwaandikia kwamba anatuma maboksi yaliyojaa, msijibu. Risasi hai bila kibali huko ni jela, na mnalijua.

Jumamosi ijayo nitakuwa pale mezani kwa wasimamizi kuanzia saa tatu asubuhi, nina maboksi yote matatu, kioo na tochi. Kama ulinunua kwake chochote tangu mwaka jana, hata kama unaona haya, njoo nacho au nitumie picha ya pande zote sita. Nataka hasa picha ya kona ya kulia ya kifuniko cha Peters. Mpaka sasa tuko watatu, wa tatu ameniandikia leo asubuhi.