Miezi minane na huduma ya usafi wa ngazi na korido

Nimesubiri miezi 8 kabla ya kuandika, kwa sababu wiki ya kwanza kila anayeanza kazi hupendeza. Huduma yenyewe ni ya kampuni ndogo inayosafisha sehemu za pamoja kwenye majengo ya kupanga: ngazi, korido, lango na chumba cha mapipa. Naipa nyota 4 kati ya 5, na nyingi ya nyota hizo zimetokana na jambo walilolifanya kabla hawajashika fagio.

Jengo letu lina ghorofa nne juu ya ile ya chini, fleti 14, ngazi moja. Kwa miaka 3 tulisafisha wenyewe kwa zamu. Karatasi ya zamu ilikaa chini, pembeni ya mita za umeme, na mimi ndiye niliyekuwa nikiiandika upya kila mwanzo wa mwezi kwa kalamu nene. Ikifika wiki ya tatu, mchanga unakwaruza chini ya viatu, maganda yako kwenye vipandio, na kila mlango unaogonga unaapa kwamba zamu yake iliifanya.

Wengi walikuwa wanasema kweli, na hilo lilinichukua muda kulikubali. Mwaka 1979 watafiti wawili, Michael Ross na Fiore Sicoly, waliwauliza wanandoa, kila mmoja peke yake, ni sehemu gani ya kazi za nyumbani anaifanya yeye. Walipojumlisha jibu la mume na la mke, mara nyingi jumla ilizidi kazi yote iliyopo. Hawakuwa wanadanganya. Mtu anaikumbuka kila ndoo aliyoibeba mwenyewe. Ile ya mwenzake hakuiona ikibebwa. Sasa kama hali ni hiyo kwa watu 2 wa nyumba moja, fleti 14 zinazopishana tu kwenye ngazi zitasemaje? Nilikuwa nimewaweka majirani zangu moyoni kwa jambo ambalo hata mimi nilikuwa nalo.

Tulipoita kampuni, msimamizi wao alikataa kutaja bei kwa simu. Alitaka aje apite jengo zima pamoja nasi, na kila fleti itoe mtu. Jumamosi asubuhi tukatokea watu 9. Tukaanza juu kabisa tukishuka, na kila tulipofika alisimama akauliza swali lile lile: "Hapa pakiwa pasafi, panaonekanaje?"

Pale ngazi inapopinda kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, mzee wa ghorofa ya chini alisema pamefagiliwa, kwa hiyo ni pasafi. Mama wa ghorofa ya tatu hakujibu. Alichutama, akakwangua kona kwa ukucha, akainua kidole tuone. Tope jeusi, gumu kama nta. Ni maji ya deki yaliyokuwa yakisukumwa pembeni na kuachwa yakauke hapo, wiki baada ya wiki.

"Baba, hili ndilo ninaloachiwa kila mara."

Mzee aliinama akatazama kwa muda. "Mwanangu, mimi nilijua hiyo ni rangi ya sakafu."

Watu hawa wawili walikuwa wamefika mahali pa kusalimiana kwa kutikisa kichwa tu. Mmoja alidhani anadharauliwa, mwingine alidhani anaonewa, na kumbe walikuwa hawajawahi kuitazama kona ile pamoja. Msimamizi akaandika: "Kona za ngazi, brashi ngumu, kila Ijumaa." Kisha akapitisha kitambaa cheupe juu ya kishikio cha ngazi, kikatoka kahawia. Karatasi yangu ya zamu haikuwa imekitaja kishikio hata siku moja, kwa hiyo kwa miaka 3 hakikuwa kazi ya mtu yeyote.

Mzozo mkubwa ulikuwa wa malipo. Wa ghorofa ya chini walisema hawapandi ngazi, wailipie ya nini? Wa juu wakasema jengo ni moja. Hapa ile orodha ndiyo iliyotuokoa, maana kazi zilikuwa zimeshagawanywa sehemu kwa sehemu: lango, chumba cha mapipa na njia ya kuingilia kila fleti inalipa sawa, ngazi na korido za juu zinalipiwa na wanaozitumia. Ilituchukua jioni mbili. Ushauri wangu kwa anayetaka kujaribu: msijadili pesa kabla ya orodha kuwa mezani.

Kazi yenyewe ni nzuri. Wanakuja watu wawili mara 3 kwa wiki, wanaanza juu. Wanafagia kwanza pakiwa pakavu, ndipo wanapiga deki, na wana ndoo mbili: moja ya maji ya sabuni, nyingine ya kusuuzia dekio. Sisi tulikuwa na ndoo moja, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikilisambaza tope badala ya kuliondoa. Wanapiga deki nusu ya upana wa ngazi, nusu inabaki kavu ya kupitia mpaka ile ya kwanza ikauke. Kwa jengo lenye wazee na watoto hilo ni jambo kubwa.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu hii. Mwezi wa tatu kijana aliyekuja kushika nafasi ya mwenzake hakupewa orodha, akamwaga dawa ya choo yenye asidi kwenye korido ya ghorofa ya pili. Sakafu yetu ni terazo. Asidi inakula saruji na vile vipande vya marumaru, na limebaki doa lililofifia lenye ukubwa wa sinia. Walikiri kosa, wakarudi kung'arisha mara mbili bila kutulipisha, lakini ukisimama dirishani mwanga ukiwa upande bado unaliona. Sasa orodha inasema asidi haigusi sakafu, na haikutanishwi kamwe na dawa ya klorini, maana zikichanganyika hutoa gesi ya sumu. Waulizeni hayo siku ya kwanza, sisi hatukuuliza.

Msitegemee pia kwamba huduma itamaliza kila kitu. Mfuko wa taka unaodondosha maji kuanzia ghorofa ya nne hadi chini saa mbili usiku, kampuni haipo. Tumekubaliana aliyedondosha anafuta, na fleti mbili bado hazifuti. Nimeshazungumza nao, nitazungumza nao tena.

Jengo la fleti nne au tano huenda lisihitaji kampuni. Lakini tembeeni pamoja kutoka juu hadi chini, na mtu mmoja awe na kalamu. Sisi mkataba unaisha mwezi ujao, na fleti 12 zimeshasaini kuendelea. Mzee wa ghorofa ya chini ndiye aliyepitisha fomu mlango kwa mlango, akazipanda ngazi zote nne.