Picha za mfalme aliyeng'olewa: uzoefu wangu katika makumbusho ya Wajakobaiti

Nitoe hukumu mapema ili mwenye haraka asipoteze muda: katika makumbusho yote niliyoyapitia Scotland nikitafuta picha za Wajakobaiti, lililonikuna zaidi ni West Highland Museum, pale Fort William. Ni jengo dogo kwenye Cameron Square. Nilipokwenda hapakuwa na kiingilio, unatia unachojaaliwa kwenye sanduku la michango. Safari ya treni kutoka Glasgow inachukua karibu saa nne, lakini njia yenyewe ina mandhari ya kukusahaulisha simu. Culloden, uwanja wa vita ambako kila mgeni anakimbilia, kwangu ni ya tatu.

Kwa asiyejua kisa, ni hivi. Mwaka 1688 mfalme James wa ukoo wa Stuart, Mkatoliki katika nchi ya Waprotestanti, alipinduliwa, akakimbilia Ufaransa. Kiti kikaenda kwa binti yake Mary na mumewe William, na kuanzia 1714 kikawa cha ukoo wa Hanover kutoka Ujerumani. Waliobaki na utii kwa James na kizazi chake ndio Wajakobaiti. Walishika silaha 1689, 1715, 1719, na mara ya mwisho 1745, safari hii wakiongozwa na mjukuu wa James, Charles Edward Stuart, kijana wa miaka 24 aliyezaliwa Roma na ambaye kabla ya hapo hakuwahi kukanyaga Scotland. Aliteka Edinburgh, akashuka mpaka Derby, kiasi cha kilomita 200 hivi kutoka London, kisha majemadari wake wakamlazimisha kurudi. Tarehe 16 Aprili 1746 jeshi lake likasagwa Culloden katika vita visivyofika saa nzima.

Sasa turudi Fort William. Mle ndani kuna ubao uliopakwa rangi. Ukiutazama hivi hivi utadhani mchoraji alikuwa anafutia brashi yake hapo: rangi zimezungushwa kama upinde, hazina kichwa wala miguu. Katikati imesimamishwa silinda ya chuma iliyong'arishwa. Inama mpaka macho yako yalingane nayo, na ule uchafu unajikusanya juu ya chuma, unamwona kijana mwenye wigi anakutazama. Ndiye Charles. Enzi hizo picha yake ukutani ilikuwa ushahidi wa uhaini. Hapa ukiiondoa silinda umebaki na ubao uliochafuka rangi, na atakayebisha hodi hana la kukushitaki. Shemeji yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, aliinama, akainuka, akainama tena. "Shemeji," akaniambia, "hawa watu walikuwa wanaogopa kweli."

Na hapo ndipo nilipoanza kuelewa nilichokuwa nakitafuta. Picha za uasi ulioshindwa ziko za namna mbili kubwa: alizolipia mshindi papo hapo, na zilizochorwa miaka mia na zaidi baadaye, wakati aliyeshindwa hatishi tena mtu. Za wenyewe, zilizochorwa moto ukiwaka, ni chache na ndogo, na nyingi zilifichwa. Ukitaka za namna hii ya tatu inabidi uzifuate zilipo.

Jumba hilohilo lina nyingine. Ni bamba la shaba la kuchapia noti, lililochongwa na Robert Strange, fundi wa nakshi aliyejiunga na jeshi la Charles. Walipokuwa Inverness fedha zimekauka, aliagizwa achonge noti za kuwalipia askari. Vita vya Culloden vikawakuta hapo hapo, noti hazikutumika, na bamba likaja kuokotwa miaka mingi baadaye karibu na ziwa la Loch Laggan. Ni kipande kidogo, watu wanakipita wakikimbilia bunduki. Mimi nilikaa nacho. Kila mtu anaonesha panga za Culloden. Hii ni serikali iliyokuwa inajiandaa kulipa mishahara.

Nafasi ya pili naipa Scottish National Portrait Gallery, Edinburgh, jumba la mawe mekundu kwenye Queen Street, nalo bure. Pale kuna picha ya Charles iliyochorwa na Allan Ramsay mwaka 1745, Charles akiwa bado anakaa Holyrood, kasri la kifalme la Edinburgh, kama mwenye nyumba. Ramsay aliitwa kwa barua mwishoni mwa Oktoba, aje upesi kuchora sura ya mtukufu. Siku chache baadaye jeshi likaondoka kuelekea Uingereza. Picha ni ndogo ajabu, inakaribia karatasi ya A4. Wigi iliyopakwa poda, manyoya meupe ya kifalme mabegani, utepe wa buluu kifuani, na jicho lisilo na wasiwasi hata chembe. Hii ni picha ya mtu anayeamini kwamba Krismasi atakula London.

Kisa cha jinsi ilivyofika hapo nacho kina utamu wake. Kwa miaka jumba hili liliringia picha nyingine, ya chaki za rangi, kazi ya Mfaransa Maurice Quentin de La Tour, iliyonunuliwa 1994 ikijulikana kuwa ni ya Charles. Mwaka 2009 mtaalamu wa sanaa Bendor Grosvenor akatoa hoja kwamba yule si Charles, ni mdogo wake Henry, aliyekuja kuwa kadinali. Ni huyohuyo Grosvenor aliyeigundua hii ya Ramsay baadaye, ikiwa imetulia Gosford House, nje kidogo ya Edinburgh, na tangu 2016 ni mali ya umma. Nchi nzima inaimba habari za huyu mwana wa mfalme, na sura yake waliichanganya na ya mdogo wake!

Ukiwa hapo usiondoke kabla hujamtafuta Charles wa Hugh Douglas Hamilton, aliyechorwa Italia mnamo 1785, miaka michache kabla ya kufa. Mashavu yamelegea, macho yamechoka, pombe imefanya kazi yake. Hamilton hakumsingizia wala hakumpamba. Kwangu hiyo inazidi picha yoyote ya vita kueleza maana ya kushindwa.

Nieleze pia jambo lililonichekesha. Ramsay aliyemchora kiongozi wa waasi alikuja kuwa mchoraji mkuu wa mfalme George III, wa ukoo uleule wa Hanover. Strange aliyechonga noti za waasi akapewa hadhi ya Sir na George huyohuyo mwaka 1787. Wasanii wana familia za kulisha.

Za mshindi, mashuhuri kuliko zote ni ya David Morier, iliyochorwa kwa ajili ya Duke wa Cumberland, jemadari aliyeshinda Culloden. Iko katika hazina ya picha za familia ya kifalme, na mimi nimeitazama kwenye tovuti yao ya Royal Collection, ambako unaweza kuikuza. Wapiganaji wa nyanda za juu za Scotland wanavamia kwa panga na shoka, askari wa serikali wenye kofia ndefu zilizochongoka wamesimama kwenye mstari bila kutetereka. Inasemekana mchoraji alitumia wafungwa wa Kijakobaiti kama vielelezo, yaani walioshindwa waliletwa waigize kushindwa kwao. Ikuze uangalie nguo. Mtu mmoja amevaa tartani, vile vitambaa vya mirabaraba ya Scotland, za namna mbili tatu kwa wakati mmoja, koti hili, soksi zile. Wazo la kila ukoo na tartani yake, ambalo maduka ya Edinburgh yanakuuzia kwa bei ya kukutoa jasho, hapo halipo kabisa.

Kisha William Hogarth. Agosti 1746 alimchora mzee Simon Fraser, Lord Lovat, mkuu wa ukoo aliyewaunga mkono Wajakobaiti, akisafirishwa kwenda kuhukumiwa London: mnene, ameketi, anahesabu kwa vidole, tabasamu la mtu aliyekula pande zote mbili. Chapa zake zilinunuliwa kama maandazi ya moto. Lovat alikatwa kichwa Aprili 1747, mtu wa mwisho Uingereza kuuawa namna hiyo. Sura hiyo ni kejeli, na ni ya adui, ila naiamini kuliko picha nyingi za mashujaa.

Nikija kwa hao mashujaa nitakwenda haraka. Thomas Duncan alimchora Charles akiingia Edinburgh kwa shangwe, 1840. John Pettie alimchora akiingia kwenye ukumbi wa dansi wa Holyrood, 1892, nuru usoni, wazee wawili nyuma yake gizani. Ni kazi safi ya brashi, sikatai. Lakini kufikia hapo Henry, wa mwisho wa ukoo, alishakufa tangu 1807, marufuku ya mavazi ya nyanda za juu iliondolewa 1782, na George IV mwenyewe alikuja Edinburgh 1822 amevaa kilti, ile sketi ya wanaume wa nyanda za juu. Ufalme uliowawinda sasa unavaa nguo zao. Picha za namna ya Pettie ndizo unazozikuta kwenye mikebe ya biskuti.

Katika kundi hilo namtoa mmoja tu, John Everett Millais, na picha yake ya 1853 iliyopo Tate Britain, London. Hakuna mwana wa mfalme. Ni mlango wa gereza: mwanamke pekupeku, mtoto amelala begani, anamkabidhi mlinzi karatasi ya kumwachia mumewe, mfungwa wa Kijakobaiti. Mume, mkono wake umefungwa bandeji, ameinamisha uso kwa mkewe. Mlinzi anaikagua karatasi kana kwamba ni ya bandia. Na uso wa mwanamke haulii wala haucheki. Unajiuliza amelipa nini kuipata ile karatasi. Aliyekaa kuchorwa ni Effie Gray, mzaliwa wa Perth, Scotland, wakati huo mke wa mtu mwingine, baadaye mke wa Millais. Umbea huo una vitabu vyake, siuingilii.

Culloden sasa. Kituo cha wageni kina chumba cha skrini pande zote nne, unasimama katikati huku majeshi yanakujia kutoka kila upande. Ni dakika chache, ila moyo unadunda. Nje, bendera nyekundu zinaonesha mstari wa serikali na za buluu mstari wa waasi, na mawe yenye majina ya koo yaliwekwa 1881, zaidi ya karne moja baada ya maziko. Inafaa, ila ukianzia hapo utaondoka na huzuni tu bila kujua nani alikuchorea huzuni hiyo. Ndiyo maana nasema ianze Fort William, kisha Edinburgh, ndipo Culloden.

Tahadhari moja kuhusu ziara za mabasi. Siku tuliyolipia ziara ya kuongozwa, mwongozaji alituonesha nakala ya picha ya Pettie kama vile ilipigwa na kamera usiku ule, na kule Glenfinnan, penye mnara wa kumbukumbu ya uasi wa 1745, akatuambia sanamu iliyo juu ya mnara ni ya Charles. Sivyo. Mnara ulijengwa 1815, na sanamu iliyoongezwa baadaye ni ya mpiganaji wa nyanda za juu asiye na jina. Kampuni siitaji, ila muulize mwongozaji maswali kabla hujatoa hela, au panda treni ujisomee mwenyewe.

Kwa aliye London asiye na nafasi ya kupanda kaskazini, Tate Britain ni bure, na Foundling Museum, ambako kuna kiingilio, wanayo ya Hogarth ya 1750: askari walinzi wakielekea Finchley kuikinga London dhidi ya Charles, nusu yao wamelewa, mmoja kaanguka kwenye dimbwi. Lipa, ingia, na simama nayo nusu saa.