Duka la barafu Langoni, bei ileile hata stima ikipotea

Nyota tano kwa hawa wa barafu huku Langoni, Lamu. Juzi stima ilipotea siku mbili, joto lenyewe la kaskazi, wavuvi ndo wanaingia na samaki, kila mtu anatafuta barafu. Mahali pengine kipande cha 30 nikaambiwa sasa ni 100. Hapa ni 30 ileile na genereta wanatia mafuta yao wenyewe, ila kila mtu vipande 2 basi, hata yule wa gesti aliyekuja na punda mwenye makapu mawili alipewa 2.

Mimi nimesoma uchumi chuoni na tulifundishwa bei ipande tu wakati wa uhaba, ndo mali inamfikia anayeitaka zaidi. Na kuna ukweli, bei ingepanda pengine mtu wa Mokowe, ng'ambo huko bara, angeona faida akavusha barafu na boti, maana hapa ilipofika saa sita ilikuwa imeisha. Lakini huko "kuitaka zaidi" kunapimwa kwa pesa peke yake jamani! Mbele yangu kwenye foleni kuna bimkubwa anataka barafu ya kuwekea insulini ya mumewe, nyuma yangu mtu wa soda za wageni, na kwa hesabu ya darasani huyu wa soda ndo anaitaka zaidi kwa sababu anaweza kutoa 200. Hapo mtu kashaamua shida ya nani ina uzito, halafu tunaambiwa uchumi ni hesabu tu, maadili hayamo.

Mwaka 1986 watafiti Kahneman, Knetsch na Thaler walichapisha utafiti, waliwauliza watu Kanada kuhusu duka linalopandisha bei ya sepetu za kuzolea theluji kutoka dola 15 hadi 20 asubuhi baada ya dhoruba, asilimia 82 wakasema si haki. Kwa hiyo hata huko kwenye baridi watu wanaona vilevile, si sisi tu tuliolelewa kuchukia ulanguzi.

Nilimuuliza mzee mwenye duka mbona hapandishi, akanambia, "Stima itarudi mwanangu, na mimi njia ya msikitini ni hiihii, napita milangoni kwao."

Nendeni mapema, baada ya alfajiri hivi, na mbebe ndoo na pesa ndogondogo maana chenji kwao ni shida kwelikweli.