Paneli ya seva kwa ajili ya logi: ya kununua na ya kuchukua bure

Saa nane usiku tovuti ya mteja wangu ilikufa. Diski imejaa pomoni, na nilipoingia /var/log, folda ya logi (kumbukumbu za yanayotokea kwenye seva), nikakuta faili moja la logi limemeza karibu nafasi yote. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza achukue paneli gani (programu ya kuendeshea seva kupitia kivinjari), nami humuuliza: logi unataka kuziona tu, au na kuzipanga?

Kama ni yote mawili, namba moja ni Webmin, tena ni ya bure. Fungua auth.log, logi ya wanaojaribu kuingia kwenye seva, chuja kwa neno "Failed", na utaona anwani zinazobahatisha nywila ya root, akaunti kuu ya seva, usiku kucha. Utamu wake hasa uko kwenye kupanga: logi za barua pepe ziende faili lake, makosa mazito yatumwe seva nyingine, yote bila kuhariri kwa mkono mipangilio ya rsyslog, programu inayoandika logi kwenye mafaili. Logrotate, inayofunga faili la zamani la logi na kuanza jipya, nayo ina ukurasa wake: zungusha kila wiki, bakiza nakala nne, basi. Ukiwa na Debian 12 sakinisha rsyslog kwanza, maana haiji nayo tena. Usipofanya hivyo utaitafuta auth.log hadi uchoke. Na porti 10000, ambako Webmin hufunguliwa, usiiache wazi kwa dunia nzima. Mwaka 2019 iligundulika kwamba kuna mtu alipenyeza mlango wa nyuma (njia ya siri ya kuingia) kwenye matoleo ya Webmin yenyewe, ukaja kuzibwa toleo 1.930.

Ya pili ni Cockpit, porti 9090, bure pia, na sura yake inapendeza kuliko Webmin. Inasoma journal, yaani logi zinazotunzwa na systemd, programu inayosimamia huduma za Linux; unachuja kwa muda, uzito au huduma. Kupanga ndiko inakokuangusha: lazima urudi kwenye terminali, uhariri faili la mipangilio yake, journald.conf, na kuandika, tuseme, SystemMaxUse=500M ili isizidi MB 500. Usipoigusa, journal hujiwekea ukomo wa asilimia 10 ya diski, isizidi GB 4. Kwenye VPS (seva ya kukodi) ndogo hizo si haba.

Za kulipia sasa. Plesk naiweka ya tatu: kila tovuti ina ukurasa wake wa logi ambao hata mteja asiyejua Linux anausoma, na inakaa hadi kwenye Windows. cPanel ya mwisho. Kwa anayeuza hosting, yaani nafasi ya kuweka tovuti, ni chombo cha kazi, sibishi, ila tangu 2019 leseni yake hupanda kadiri akaunti zinavyoongezeka, na logi za mfumo si shughuli yake. Kama una tovuti mbili tu, hela hiyo ongezea diski.