QS aliyetukagulia kotesheni za ukuta wa madrasa, nampa nyota 4

Jamani kama mna kamati ya msikiti, kanisa au mtaa na mnataka kujenga, kabla hamjasaini chochote tafuteni QS, mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa na bodi. Sisi tulitaka kuzungushia madrasa ukuta, tukaletewa kotesheni tatu, milioni 31, 34 na 36, tukasema basi hiyo ya 31 ndo nafuu tuwape, kumbe tunaliwa. Kosa letu tulimwachia kontrakta mmoja atuletee na kotesheni za wenzake.

QS tulimlipa laki tatu na nusu. Akazipanga zote mezani, akaweka kidole kwenye mchanga: tripu 14 kwa 85,000 inatakiwa iwe 1,190,000, wao wameandika 1,910,000, na kosa hilohilo liko kwenye karatasi zote tatu! Hadi nondo wote wameandika "nodno". Mihuri mitatu, aliyechapa ni mmoja. Akatuambia hao wawili ni wasindikizaji tu, wanapandisha ya kwao makusudi ili ya mwenzao ionekane rahisi, kesho kwenye tenda nyingine zamu inageuka. Sheria yetu ya Ushindani ya 2003 hapa Tanzania inakataza kabisa, na si mchezo wa mtaani tu, Afrika Kusini mwaka 2013 kampuni 15 za ujenzi zilipigwa faini ya jumla rand bilioni 1.46 kwa kupangiana tenda hivihivi, viwanja vya Kombe la Dunia la 2010 vikiwemo.

Kilichonigusa zaidi, mmoja wa hao wakandarasi watatu alimpigia QS usiku akamwahidi hela aseme kotesheni ziko sawa, asubuhi QS akaja kutuambia mbele ya kamati nzima na kwenye ripoti akaiandika. Mweka hazina alitaka tupatane tu na yule wa 31 maana mvua zinakuja, na mimi nilishaanza kukubali, ila nikamkumbuka bibi wa vitumbua anayeleta buku mbili yake kila Ijumaa, nikasema hapana, turudie upya. Tukaita wakandarasi wanne wasiojuana, bahasha zikafunguliwa baada ya Alasiri watu wote wanaona, ya chini ikaja milioni 24 na laki sita, vipimo vilevile, nondo zilezile.

Nyota moja nimeikata sababu ripoti ilichelewa siku tisa na simu alikuwa hapokei, na sisi mafundi wanatusubiri.