TAHADHARI: Muuza vipuri vya mashine za gololi anayezunguka Tanga, Bagamoyo na Dar

Assalamu alaikum, na habari za jioni ndugu zangu. Naandika nikiwa bandani kwetu Chumbageni, mezani kuna koili tatu zilizoungua (waya uliosukwa, umeme ukipita unavuta chuma kama sumaku). Kuna mtu anauza vipuri vya mashine za gololi, zile pinboli za zamani za kuchezea, zinazoendeshwa na rilei (swichi zinazovutwa na umeme), na pia anapokea vifaa vya watu kwa ahadi ya kuvitengeneza. Usimpe pesa. Na kuliko pesa, usikubali aondoke na kifaa chako hata kimoja.

Jina lake sitaliandika. Jalada liko polisi, na kwa vyovyote majina anayo zaidi ya moja na laini za simu anabadilisha kama shati. Nitaeleza anavyofanya kazi, maana hilo habadilishi.

Kwa wasiotufahamu, sisi ni watu saba, tunakutana Jumapili baada ya alasiri kufufua mashine hizi. Mashine yetu kubwa ni Gottlieb (chapa ya Kimarekani) ya mchezaji mmoja, ya miaka ya 1960. Ni mali ya mzee wetu mmoja wa Raskazone, aliyeachiwa na mhandisi wa shamba la mkonge siku anarudi kwao. Ilikaa stoo miaka na miaka, kuku wakitaga juu ya kioo. Ndani haina bodi ya elektroniki hata moja. Kila kitu ni koili, rilei, mota na nyaya za kitambaa zilizofungwa kwa uzi mafungu mafungu. Mtoto wa darasa la sita akichungulia anaona rilei inavuta, platini (vibati vya kupitishia umeme) zinagusana, taa inawaka, na anaelewa bila kufundishwa. Ndiyo maana watoto wa mtaa hawabanduki hapa, na ndiyo maana jambo hili limetuuma.

Huyu muuzaji tuliunganishwa naye na mtu tunayemwamini, ambaye naye wakati huo alikuwa bado hajapigwa. Mwanzo ulikuwa mzuri. Tulimwagiza taa ndogo ishirini za volti 6.3, zikafika kwa basi siku ya pili, nzima, bei ya kawaida. Sasa najua kuwa zile taa zilikuwa chambo. Akiongea ni mpole, mkubwa humwita "mzee wangu", wa rika lake "kaka", na lugha ya mashine anaijua vizuri. Hapo ndipo wengi tunapolegea: ukisikia mtu anataja stepa na mota ya pointi bila kubabaika, unamwona ndugu.

Tukaagiza koili tatu za flipa, vile vibao vya chini vinavyorudisha gololi juu. Shilingi 65,000 kila moja, "mpya za asili, hazijawahi kufungwa". Zilikuja na karatasi yenye namba za Gottlieb. Karatasi ilikuwa fotokopi, gundi bado inanata vidoleni.

Hapa naomba msome taratibu, maana somo hili limetugharimu. Koili ya flipa ya mashine hizi ina miguu mitatu ya kuungia nyaya, kwa sababu imesukwa mara mbili. Kuna waya mnene wa kutoa nguvu ya kupiga, na kuna waya mwembamba wa kuishikilia flipa ikiwa juu. Flipa ikifika mwisho inafungua platini moja ndogo, umeme unalazimika kupita misuko yote miwili, unapungua, na koili inabaki salama hata ukikaa umebonyeza kitufe. Za kwetu zilikuja na miguu miwili. Mbili kati yake zilikuwa na dayodi, kile kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, imelehemiwa katikati ya miguu. Hizo ni koili za mashine za bodi, zilizochukua nafasi mwishoni mwa miaka ya 1970, ambazo koili zake hutumia umeme wa DC, unaokwenda upande mmoja. Koili za mashine yetu hutumia AC, unaogeuka huku na huku. Ukiweka dayodi hapo, nusu ya kila mzunguko wa umeme inafunga shoti.

Tulikosea. Tulikuwa na haraka, tukafunga ya kwanza bila kuhesabu miguu kwa makini, tukiamini labda ni toleo jingine. Kubonyeza tu, fyuzi ikakata. Nikampigia. Jibu lake nalinukuu kama lilivyo: "Kaka, hiyo fyuzi ndogo, weka ya ampia 20 utulie."

Kwa neno hilo peke yake ningeandika tahadhari hii, hata kama asingechukua senti yetu. Sanduku la mashine hizi ni mbao. Nyaya zake ni kitambaa, na vumbi lililolala humo lina umri wa miaka hamsini. Fyuzi ndiyo kitu pekee kinachosimama kati ya koili iliyofunga shoti na nyumba kuungua. Thamani yake imeandikwa kwenye mashine au kwenye mchoro wa nyaya, na hiyo hiyo ndiyo unayoweka. Kijana wetu mmoja, mwenye nia njema kabisa, alikuwa ameshaokota kipande cha waya wa shaba ili afunge mahali pa fyuzi. Nilimshika mkono. Watoto tisa walikuwa wamesimama kuizunguka ile mashine.

Baadaye muuzaji akatuambia tukate dayodi. Tukakata. Flipa ikapiga kwa nguvu, watoto wakashangilia, kijana akashikilia kitufe awaonyeshe inavyokaa juu. Kabla sijahesabu kumi tukasikia harufu ya vanishi, kisha moshi. Koili haikuwa na ule msuko wa pili wa kushikilia. Ya pili ikaenda njia hiyo hiyo tulipokuwa tunaipima. Ya tatu hatukuiunguza sisi: tulipobandua karatasi tukakuta imeungua zamani, imefungwa karatasi mpya juu.

Mtauliza kwa nini hatukuishia hapo. Kwa sababu alikuja mwenyewe Tanga, kavaa kanzu, kaleta halua, akaomba radhi mbele ya mzee wetu. Akasema naye kauziwa feki na watu wa juu yake. Akaahidi kurudisha pesa, na kama pole akajitolea kupeleka magurudumu yetu manne ya namba kwa fundi wake Dar yakasafishwe bure. Mzee akasema, mtu akija na radhi mlangoni usimfukuze. Tukampa.

Magurudumu yale ndiyo yanayoonyesha pointi. Kila moja lina namba 0 hadi 9, koili yake, na platini inayojua kama gurudumu limefika sifuri. Ukianza mchezo mpya, mota inatuma mapigo hadi yote yasimame kwenye sifuri. La mamia lilikuwa na platini chafu, haliamini kuwa limefika, kwa hiyo mashine inazunguka tak-tak-tak-tak bila kukoma hadi uzime. Hicho tu ndicho kilikuwa kibovu. Lakini kwa kuwa yote manne yanafanana, binti yangu alikuwa ameyawekea alama kwa rangi ya kucha ya zambarau, upande wa kushoto wa bati: nukta moja la kwanza, mbili la pili, tatu la tatu, nne la nne. Kumbukeni hizo nukta.

Kisha zikaanza danadana. Fundi anaumwa. Fundi kasafiri. Mwisho, mzigo umeibwa kwenye basi. Akatuma shilingi 40,000 "za kufuta machozi", simu ikazimwa.

Wiki tano baadaye ndugu yetu mmoja wa Bagamoyo, anayefufua mashine ya Williams (chapa nyingine ya Kimarekani) ya wachezaji wawili nyumbani kwake karibu na Mji Mkongwe, akanitumia picha. Kanunua magurudumu matatu "kutoka Chicago, hayajatumika", na anaomba ushauri kwa nini hayaingii kwenye mashine yake. Hayawezi kuingia. Ya Gottlieb na ya Williams hayafanani hata matundu ya skrubu. Nikakuza picha ili nimwonyeshe. Nukta moja ya zambarau. Picha ya pili, nukta mbili. Picha ya tatu, tatu. Nilimwita binti yangu aje aone, akasimama pale akalia.

Kwa hiyo duka lake ni mashine zetu wenyewe. Anachukua kwa huyu kwa jina la matengenezo, anamuuzia yule kwa jina la Marekani. Tangu niulize huku na huku wamejitokeza wengine watatu: mmoja Muheza, wawili Dar. Mmoja wao alimpa mashine nzima, ikarudi boksi tupu lenye taa tu, rilei zimenyofolewa na nyaya zimekatwa kwa kisu. Nyaya zikikatwa hivyo, kuzirudisha ni kazi ya miezi, kwa kuwa rangi zake ndizo zinazokuongoza kwenye mchoro.

Matangazo yake mengine nayataja kwa kifupi. Alikuwa anauza mashine "ya mwaka 1938 yenye flipa zake za asili". Flipa zilianza mwaka 1947, kwenye Humpty Dumpty ya Gottlieb, kwa hiyo hiyo ama si ya 1938 ama flipa zake si za asili. Anauza pia vioo vya picha vya juu "vya kiwandani". Kioo cha zamani kwa kawaida kimepigwa rangi kwa nyuma, rangi moja moja, nzito. Tazama kwa lenzi: ukiona vidoto vidogo vidogo vya rangi kama picha ya gazetini, ni stika ya printa. (Na mwenye kioo cha kweli asikipanguse nyuma kwa maji. Kwa unyevu huu wetu wa bahari rangi inabanduka hata bila kuguswa.) Anadai pia transfoma zake "zimeshageuzwa za 230". Tuliyoiona sisi ilikuwa ya Marekani ya volti 120, haijaguswa, ila imewekewa plagi ya kwetu. Ukiichomeka ukutani utaiunguza. Na hata ukitumia kishusha volti, kumbuka imetengenezwa kwa hezi 60 na umeme wetu ni 50. Mota itazunguka polepole na transfoma itapata joto kuliko kwao, basi usiiache ikiwaka bila mtu.

Ukitaka kununua kwa mtu usiyemjua, akupigie video si picha, kioo kimeinuliwa, ubao wa kuchezea umesimamishwa ili uone chini yake, na karatasi yenye jina lako na tarehe ya siku hiyo iwe ndani ya fremu. Huyu wetu kila akiombwa video, kamera imeharibika. Kabla hujatuma pesa soma jina linalotokea kwenye simu: kwetu lilitokea jina la mwanamke, akasema ni la shemeji yake, nasi tukaridhika. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040, na meseji usizifute, polisi waliziomba zote kwanza.

Na jamani, kabla hujaagiza chochote mbali, tazama kama unakihitaji. Koili zetu za mwanzo sasa hivi zinafanya kazi. Tulizipeleka Ngamiani kwa fundi wa kusuka mota, akafungua ile iliyoungua, akahesabu mizunguko ya kila msuko, akapima unene wa waya, akasuka upya vile vile. Tulilipa chini ya nusu ya bei ya feki moja. Mpe fundi ile koili mbovu yenyewe, usimpe maelezo ya mdomo. Platini chafu nazo usiziguse na msasa, unakula madini ya fedha yaliyo juu yake. Kipande cha kadi ngumu chenye spiriti kidogo, vuta kati ya platini mara mbili tatu, basi. Yule bwana aliyepoteza mashine nzima alikuwa na tatizo hilo tu.

Ndugu wa Bagamoyo ameturudishia magurudumu matatu, kayafunga kwa kanga ya mkewe akayaweka kwenye basi, na hasara tumegawana naye. Yamesharudi mahali pake. Mashine inawaka, flipa zinapiga, ila kwenye namba kuna tundu jeusi mahali pa maelfu, na mzee kila akija hulitazama hilo kwanza.

Ukiuziwa gurudumu la Gottlieb lenye nukta nne za zambarau upande wa kushoto wa bati, usimrudishie aliyekuuzia na usilisafishe. Nitumie picha inboksi. Pesa uliyotoa tutakulipa, na nauli juu.