Riwaya ya Kununua Kwanza Mfuko Ukiwa Mwembamba

Mwongozo huu unamlenga mtu mzima wa Kisumu au miji jirani ambaye hajagusa riwaya tangu amalize mtihani wa fasihi wa kidato cha nne, na ambaye sasa anataka kujijengea rafu ndogo ya vitabu nyumbani kwa kununua kimoja kila mwisho wa mwezi. Nimevipanga vitabu saba kwa kipimo kimoja tu: kitabu kikiazimwa na shemeji kisirudi, je, ningeingiza mkono mfukoni nikakinunua tena? Tuzo sikuzihesabu, kwa sababu humvuta mnunuzi bila kumhakikishia kwamba atafika ukurasa wa mwisho.

Nafasi ya kwanza naipa Siku Njema ya Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka 1996. Najua wapo watakaoguna, kwa kuwa waliisoma shuleni wakikariri sifa za wahusika na mbinu za lugha hadi hadithi yenyewe ikawapotea. Isomeni upya bila mwalimu. Kongowea Mswahili, mwana wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga, anafunga safari kumtafuta baba asiyemjua, na safari hiyo inamfikisha Kitale. Riwaya nyingi za Kiswahili huanza na kuisha pwani. Hii inatoka pwani na kupanda bara hadi kwenye mashamba ya mahindi tunayoyajua sisi, na msomaji wa magharibi anajikuta mwenyeji badala ya mgeni. Dosari yake ni sadfa, maana watu anaowahitaji Kongowea hujitokeza njiani kana kwamba walikuwa wakimngoja, na kwa mwandishi mwingine ningekasirika. Walibora nimemsamehe, kwa kuwa msimulizi wake ni kijana aliyelewa lugha kama mtu anavyolewa tembo, na methali zinazomtoka kila mara zinamkaa vizuri mdomoni.

Ya pili ni The River and the Source ya Margaret Ogola, iliyotoka mwaka 1994 na kupata Tuzo ya Waandishi wa Jumuiya ya Madola ya kitabu cha kwanza kwa kanda ya Afrika mwaka uliofuata. Nitasema wazi kwamba naipenda nusu yake. Akoko, binti wa mtemi wa Yimbo aliyeolewa kwa ng'ombe 30, ni mmoja wa wahusika wachache wa riwaya za Kenya ninaoweza kuwatambua sokoni nikikutana nao. Mumewe na mwanawe wanapokufa, na shemeji yake Otieno anapokikalia kiti cha utemi na kuanza kumla mali, yeye hakai kulia bali anafunga safari hadi Kisumu kumshtaki kwa serikali ya wazungu, ambayo hajui hata lugha yake. Kurasa hizo peke yake zinatosha kuhalalisha bei. Vizazi vya baadaye ndivyo vilivyonichosha: harusi, shahada, magonjwa na mazishi yanapita mbio, na ninapoanza kumzoea mtu, sura inafungwa. Mwandishi alikuwa na watu wengi mno na kurasa chache mno. Hata hivyo, nakala yangu ikipotea leo, kesho niko dukani.

Kabla sijaendelea, neno kuhusu nakala zenyewe. Maduka mengi ya vitabu ya Kisumu huishi kwa vitabu vya shule, kwa hivyo Januari usiende kutafuta riwaya. Foleni ya wazazi itakushinda, na mwenye duka hatakuwa na muda wa kukukagulia rafu ya chini ambako riwaya hukaa. Nakala za mtumba zinazopangwa kando ya barabara ni za bei nafuu na bei yake hupatanwa, lakini zile zilizowahi kuwa vitabu teule vya mtihani hubeba alama za mwenyewe wa kwanza. Niliwahi kununua moja ambayo pambizoni, karibu kila ukurasa, mwanafunzi alikuwa ameandika “kinaya” kwa wino mwekundu, hata mahali ambapo watu walikuwa wakinywa chai tu. Adui mkubwa zaidi ni nakala haramu. Imulike kabla ya kulipa: rangi ya jalada huwa imefifia au imekolea kupita kiasi, herufi zimenenepa na kuvujisha wino, mistari imepinda kuelekea mshononi, na ukiifungua wazi katikati gundi inalia. Pekua kurasa zote kwa kidole gumba uone kama nambari zinafuatana. Muuzaji akikuharakisha, mrudishie kitabu chake.

Ya tatu ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, ambayo iliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania. Inaanzia Ukerewe, kisiwa kilichomo katika Ziwa Victoria, lile lile tunalolitazama kutoka ufuo wa Dunga hapa Kisumu. Zakaria, baba mlevi na mkali, anampiga bintiye Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, na kuanzia hapo msichana anayelindwa kwa fimbo anakua bila kujua namna ya kujilinda mwenyewe. Nilimchukia Zakaria kwa moyo wote, kisha nikaudhika kwamba mwandishi haniachi nimbebeshe yeye peke yake lawama zote. Ni kitabu chembamba, kinasomeka kwa siku mbili, na kinauma. Usimnunulie mtoto wa shule ya msingi, lakini mzazi wa binti anayeingia sekondari akisome kabla ya kufunga sanduku la mtoto.

Ya nne ni Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Nobeli. Yusuf, mvulana anayewekwa rehani kwa tajiri Aziz kulipia deni la baba yake, anasikika vizuri zaidi katika Kiswahili kuliko katika Kiingereza cha asili, na hilo sikulitarajia. Msafara wa bara umenivutia kwa picha zake na kunichosha kwa urefu wake. Huenda ukalazimika kuiagiza; ulizia gharama ya kusafirisha kabla ya kutuma pesa.

Msomaji wa Nakuru anaweza kuipandisha ya tano hadi ya pili: One Day I Will Write About This Place, kumbukumbu za Binyavanga Wainaina, aliyezaliwa Nakuru mwaka 1971. Sura za utoto ni tamu ajabu, kwa sababu mtoto anayesimulia husikia sauti na kuona rangi kabla ya kuelewa mambo. Sura za safari za utu uzimani zimetawanyika, nami niliruka baadhi yake bila majuto.

Ya sita ni Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951. Karama anashtakiwa katika nchi iliyo angani na kujitetea kwa visa vya wajumbe waliotumwa pande zote. Ukiisoma kwa mkupuo utasinzia. Soma kisa kimoja kwa usiku mmoja, kwa sauti kama unaweza, uone sentensi ya Kiswahili inavyoweza kusimama wima.

Dust ya Yvonne Adhiambo Owuor nimeiweka ya saba, na wapenzi wake wataniandama. Odidi Oganda anauawa Nairobi, dada yake Ajany anarudi kumzika, na siri za nyumba yao ya kaskazini, Wuoth Ogik, zinaanza kufumuka. Ni kazi kubwa, lakini sentensi zimekatwakatwa hivi kwamba nilirudia kurasa nyingi kabla ya kujua nani anasema na nani amekufa. Inunue baada ya kumaliza hizo sita, na uinunue wakati wa likizo. Pesa zitakazobaki zisiende kwenye vile vijitabu vya maswali na majibu kuhusu riwaya. Mtahiniwa ana sababu ya kuvihitaji, wewe huna.